Kyrgyzstan: Marais hutimuliwa, umaskini hubaki

WANANCHI wa Kyrgyzstan waliwang'oa mamlakani marais watatu katika muda wa miaka 15, lakini hakuna hata mmoja aliyeondoka na umaskini wao.

Askar Akayev, msomi wa fizikia aliyeshika hatamu mnamo 1990, alitorokea Urusi Machi 2005 waandamanaji walipovamia makao ya serikali jijini Bishkek, wakilalamikia wizi wa kura na ulafi wa jamaa zake. Mrithi wake, Kurmanbek Bakiyev, aliapa kuufagia uozo huo. Badala yake alimkabidhi mwanawe, Maxim, shirika la serikali la maendeleo na uwekezaji, kisha mwanzoni mwa 2010, katikati ya baridi kali, bei ya umeme ikapandishwa maradufu. Aprili mwaka huo makumi ya waandamanaji waliuawa kwa risasi, naye akaishia ukimbizini Belarus. Sooronbay Jeenbekov alijiuzulu Oktoba 2020 kufuatia ghasia za uchaguzi wa bunge.

Kiini cha matatizo hayo ni cha tangu 1991. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika, ruzuku kutoka Moscow ilikatika na viwanda vikapoteza wateja. Kilichosalia ni mgodi wa dhahabu wa Kumtor na jasho la vijana wanaofanya vibarua Urusi, ambao fedha wanazotuma nyumbani zimewahi kukaribia thuluthi moja ya pato la taifa. Sarafu ya Urusi ikiporomoka, kama ilivyofanya 2014, familia za Osh hulala njaa bila rais wao kuwa na la kufanya.

Katika nchi ya aina hiyo, ikulu ndiyo njia ya mkato ya kutajirika, na anayeingia hujichotea upesi kabla hajafurushwa.

Sadyr Japarov alitolewa gerezani na wafuasi wake katika vurugu za 2020 na kuchaguliwa rais Januari 2021. Katiba ya 2010 ilikuwa imepunguza mamlaka ya rais makusudi, ili asizuke Bakiyev mwingine. Ajabu ni kwamba wapiga kura wenyewe waliyarejesha Aprili 2021. Mwezi uliofuata serikali iliutwaa Kumtor kutoka kwa kampuni ya Centerra ya Canada, hatua iliyoshangiliwa mno.

Dhahabu hiyo, hata hivyo, haijawaajiri wanaorejea. Tangu shambulio la kigaidi la Machi 2024 katika ukumbi wa Crocus karibu na Moscow, Urusi imewabana wahamiaji kutoka Asia ya Kati, na wanaofukuzwa wanarudi vijijini kusiko na kazi.