Mambo ya Nyumbani: Majuma Matano ya Bata



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya mayai ya bata yanayoanguliwa kwa mashine nyumbani. Nyumba kadhaa za Wakristo hapa Kalangalala, mjini Geita, zimeanza kazi hiyo, na waalimu wametuuliza mara nyingi kwa nini mayai yao huwa viza. Lakini kabla ya kuwafundisha wengine yatupasa kukiri kosa letu wenyewe, kwa kuwa kosa hilo lilitufundisha kuliko kitabu.

Mama mmoja mjane, jirani yetu, alituletea mayai 24 ya bata wake. Yeye hakuwa na mashine. Sisi tulikuwa nayo, yaani sanduku la mbao lenye taa za umeme ndani, kipimajoto na sahani ya maji. Tulipatana kwamba tutagawana vifaranga, yeye sehemu mbili, sisi moja. Naye alikuwa amekwisha kutia moyoni kwamba bata hao watamnunulia mjukuu wake sare ya shule. Tukafungua kitabu cha ufugaji, tukakuta kimeandikwa: mayai ya bata, siku 28. Basi tukahesabu. Siku ya 28 ikapita, na ya 29, kimya. Siku ya 30 mmoja wetu akasema, "Haya yameoza. Yatoeni kabla hayajapasuka na kututia harufu nyumbani." Tukayatoa yote, tukavunja la kwanza uani, watoto wakitazama. Ndani yake alikuwamo bata mdogo, manyoya yamekwisha kuota, kiini hakijaingia chote tumboni. Alifumbua mdomo mara mbili tatu, akafa mkononi mwetu.

Tulikwenda kwa yule mama kwa aibu nyingi. Hakukasirika. Alitutazama kitambo, akasema, "Waalimu, mbona hamkuniuliza? Bata wangu hulalia majuma matano." Tukarudi mbio, tukayarudisha sandukuni mayai 23 yaliyosalia, nayo yamekwisha kupoa. Siku ya 35 na ya 36 walitoka vifaranga 11. Wote tulimpa yeye. Sehemu yetu ilikuwa lile funzo.

Sasa sikilizeni sababu. Kitabu hakikusema uongo, ila kilisema habari za bata wengine. Bata wengi tunaowafuga vijijini, wenye nyama nyekundu usoni na makucha makali, warukao hata juu ya paa, wasiopiga kelele ila kuhema tu kama mtu aliyechoka, asili yao ni Amerika ya Kusini. Mayai yao hukaa siku 35. Bata wa namna ya pili, kama wale weupe waitwao Pekin, ambao asili yao ni China, mayai yao hukaa siku 28. Na yai la kuku, kama mjuavyo, siku 21. Kwa hiyo, kabla hujatia yai katika mashine, uliza kwanza mama yake ni nani, kisha uandike siku ya mwanzo kwa kalamu juu ya sanduku, wala si kichwani tu.

Katika kuchagua mayai, chukua yaliyo safi, yasiyo na ufa, yasiyokaa zaidi ya siku 7. Yaweke mahali pa baridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Bata dume mmoja awe na majike 4 au 5, yasije yakawa mayai yasiyo na mbegu. Nasi tulio katika nchi ya dhahabu tuna jambo moja zaidi la kuangalia. Bata hupenda kuchokora matope. Akichokora katika madimbwi ya mialo, pale wachimbaji wanapochenjua dhahabu kwa zebaki, sumu hiyo yaweza kumwingia mwilini, ikapita hata ndani ya yai na kumharibu kinda. Tena yai hilo likiliwa mezani, watoto wetu nao hushiriki sumu hiyo. Usinunue mayai ya bata walishao huko, wala usiwaache wako waende.

Joto ndani ya sanduku lenye feni liwe digrii 37.5. Kama halina feni, pima usawa wa migongo ya mayai, nalo lifike 38 au kupita kidogo. Geuza mayai mara 3 au 5 kila siku, ili kinda asigandamane na ganda upande mmoja. Zikibaki siku 3, acha kugeuza: yaani siku ya 32 kwa bata wetu wa kienyeji, na siku ya 25 kwa wale wa Pekin.

Maji ndiyo mahali ambapo wengi hushindwa, hasa katika miezi ya kiangazi, Juni hata Agosti, hewa yetu ikiwa kavu. Mtazameni mama bata. Kila siku huondoka kiotani kidogo, hula, huoga, kisha hurudi na manyoya yenye unyevu, akayalalia mayai tena. Nasi tufanye hivyo: baada ya siku 10 za kwanza, fungua sanduku mara moja kila siku kwa robo saa, uyanyunyizie mayai maji ya vuguvugu. Unyevu wa hewa ndani uwe asilimia 55 hata 60, na siku 3 za mwisho upite 70, usije utando wa ndani ukakauka na kumfunga kinda kama sanda.

Siku ya 10 angaza mayai gizani kwa tochi. Lililo hai huonyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu huwa jeupe, uliondoe. Angaza tena kila juma. Nasi kama tungaliangaza siku ile ya 30, tungaliona weusi wa kinda na pengine kutikisika kwake, wala tusingalivunja kitu. Lakini tulitaka kujua upesi.

Na umeme ukikatika, msifungue sanduku kila mara kutazama. Lifunikeni kwa mablanketi, wekeni ndani chupa za maji ya moto, mkizibadili zinapopoa. Afadhali zaidi ni kutengeneza sanduku lenye kuta mbili, katikati mkajaza pumba za mpunga, ambazo kwetu zapatikana tele. Ila zisikaribie taa, zisije zikashika moto.

Msidhani kwamba kazi hii ni ngeni katika Afrika. Watu wa Misri waliangua mayai pasipo mama tangu kale sana. Aristotle, Myunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko Misri mayai yalifukiwa katika samadi yenye joto. Baadaye mafundi wa huko walijenga matanuri makubwa ya matofali ya udongo. Hawakuwa na kipimajoto. Walilishika yai na kuligusisha na ukope wa jicho, wakajua kama lina joto la kutosha. Maarifa hayo baba alimfundisha mwana, kwa kuangalia na kwa kuulizana. Ndiyo hayo hayo tuliyoyakosa sisi, wakati mwenye kuyajua alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta.

Neno la mwisho ni juu ya siku ya kutoka. Kinda akitoboa ganda, msimsaidie. Atakaa saa 24, pengine hata 48, akipumzika na kunyonya damu na kiini vilivyobaki. Anayemvuta kwa huruma humtoa na damu, akafa. Ngojeni.

Katika Torati Mungu aliwaagiza Waisraeli wasimtwae ndege mama pamoja na makinda yake. Tukisoma agizo hilo twaona kwamba hata kiota kimo katika sheria ya Mungu, wala si kitu cha kuchezewa. Basi watoto walipotuuliza jioni ile kwa nini yule bata alikufa, hatukuwaambia kwamba alikuwa mgonjwa. Tuliwaambia, "Tulimvunjia yai kabla ya siku zake, kwa kuwa hatukuuliza." Walinyamaza. Na tangu siku hiyo mtoto mmoja kati yao ndiye anayeandika siku kwenye sanduku, naye hakubali kukosa hata moja.

Mungu akitujalia, mwezi ujao tutaeleza chakula cha vifaranga wa bata na siku ya kuwatia majini. Kaeni katika amani ya Bwana, ninyi na watu wa nyumbani mwenu.