Skizofrenia: jina moja, magonjwa zaidi ya moja

Mgonjwa wa homa akifika kituo cha afya Bukavu ama Goma, anatobolewa kidole, na baada ya dakika chache muuguzi anajua kama ni malaria. Mgonjwa wa skizofrenia hana kipimo cha namna hiyo, si Congo wala Marekani. Daktari anamsikiliza, anauliza familia, kisha anaandika dawa. Ikishindwa, anaandika nyingine.

Shida ni kwamba jina hilo moja linabeba watu wasiofanana. Nchini Marekani, watafiti wa mtandao wa B-SNIP, akiwemo profesa Carol Tamminga wa Dallas, walipima umeme wa ubongo, mwendo wa macho na kumbukumbu za mamia ya wagonjwa wa skizofrenia na wa maradhi yanayofanana nayo. Mwaka wa 2016 walitangaza makundi matatu. Katika la kwanza, uwezo wa kufikiri umeshuka sana na ubongo unaitikia sauti kwa unyonge. Katika la pili uwezo huo umeshuka pia, lakini ubongo unachemka kupita kiasi. La tatu linakaribia watu wazima wenye afya. Wagonjwa wa skizofrenia walikutwa katika makundi yote matatu.

Kama ubongo wa mmoja umepoa na wa mwingine unachemka, kuwapa dawa ileile ni kubahatisha. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa za kawaida, na anayelipia kubahatisha huko ni familia.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa kwa nchi ambako dawa zenyewe ni haba. Wana haki: dawa zifike kwanza, na vipimo hivi bado ni vya utafiti, havijaanza kuchagulia wagonjwa dawa. Lakini anayengoja nje hupimwa kwa kipimo cha wengine. Utafiti wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya chembe za urithi za watu wa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Congo haimo.

Uganda ni jirani wa kuvuka mpaka tu. Wizara ya afya na vyuo vikuu vya Kinshasa na Lubumbashi vibishe hodi sasa, wakati kipimo bado kinatengenezwa. Kikishakamilika, Mkongomani atabaki mnunuzi tu.