BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Pikipiki ya betri itapanda mlima wa Newala?

Minada ya korosho ikianza, pikipiki mpya nazo huonekana vijijini. Safari hii kijana mmoja wa upande wa Kitangari amenijia na swali. Mjomba wake amemwahidi fedha za korosho. Yeye anataka pikipiki isiyotumia petroli. Inatumia betri.

“Shikamoo, Bwana Shamba,” alisema. “Hiyo itapanda mlima?”

Mimi ni mtu wa mashamba, si fundi. Lakini hesabu naijua. Tuihesabu pamoja.

Pikipiki hizi si ndoto. Mjini Kigali, nchini Rwanda, kampuni ya Ampersand ilizianzisha katika kazi ya abiria mwaka 2019. Dar es Salaam nako zipo. Hazina injini ya kuchoma mafuta. Zina mota, kama ile ya mashine ya kusaga ya umeme, ila ndogo. Hazina plagi, hazina kabureta, wala hazihitaji oili ya injini.

Tazama betri. Tuseme imeandikwa volti 72 na ampia-saa 40. Zidisha 72 kwa 40. Unapata 2,880. Uniti moja ya Luku ni 1,000. Basi betri ikijaa inabeba karibu uniti 3.

Sasa mlima. Tuseme pikipiki ina kilo 110, dereva kilo 70, gunia la korosho kilo 80. Jumla kilo 260. Kuupandisha mzigo huo mita 300 kwenda juu kunakula kama robo ya uniti, mbali na umeme wa mwendo wa kawaida. Nimesimama mara nyingi Shimo la Mungu nikatazama bonde lile chini. Sikutegemea kupata robo tu! Nilirudia hesabu mara mbili. Mchanga wetu ndio mlaji. Kilometa chache za mchanga mzito zinaweza kula kuliko mlima wote.

Kwa hiyo itapanda, mradi mota iwe ya nguvu ya kutosha, na usiikazanie mpaka ikapata moto.

Hofu yangu mimi iko kwenye betri. Petroli ikikuishia njiani, utanunua ya chupa dukani. Mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Yalinikuta hayo, pikipiki ikakohoa hadi nyumbani. Lakini nilifika. Betri ikikuishia njiani, unasukuma. Kule Kigali dereva hasubiri chaji. Anafika kituoni, anatoa betri tupu, anapewa iliyojaa. Kituo cha namna hiyo sijakiona Masasi wala Newala. Hapa utachaji nyumbani, kwa saa nyingi. Umeme ukikatika usiku, asubuhi huna kazi. Na akija mama mwenye uchungu wa kujifungua, utamwambia nini?

Faida ipo, sikatai. Tuseme kwa siku unakwenda kilometa 80 katika njia nzuri. Petroli lita 2, kwa shilingi 3,000 kila lita, ni shilingi 6,000. Umeme uniti 3, kwa shilingi 400 kila moja, ni shilingi 1,200. Unabakiwa na 4,800. Usizile zote. Betri huchoka mwaka hadi mwaka, na bei ya betri mpya ni fedha nyingi kwa mkupuo. Weka akiba ya betri kila siku unapofanya kazi, kama unavyoweka fedha ya salfa kabla mikorosho haijachanua.

Nilimwambia kijana amuulize muuzaji maneno haya, na majibu yaandikwe kwenye karatasi. Betri ina dhamana ya miaka mingapi? Betri mpya peke yake inauzwa shilingi ngapi? Ikiharibika, fundi yuko Masasi, au ni mpaka Dar es Salaam? Tena aombe kuijaribu akiwa na gunia mgongoni mwa pikipiki, katika mchanga, si kwenye lami ya mjini.

Juzi alirudi. Muuzaji alijibu la dhamana na la bei. La fundi alicheka tu.

Mjomba amesema fedha zikae benki kwanza.