Kufuli Bovu na Kidani cha Shaba

Limezuka jina katika vinywa vya wasomi wetu ambalo nimelivumilia muda mrefu, nami leo sitaki kulivumilia tena. Jina hilo ni "mapambo ya taka." Huitwa hivyo vidani, vipuli, bangili na pete zitengenezwazo na mafundi wa Kibera na mitaa mingine ya Nairobi kwa shaba ya makufuli mabovu na bomba kuukuu za maji, na kwa mifupa ya ng'ombe itokayo machinjioni. Alitamkaye hudhani kuwa amesifu. Mimi nasema ametukana.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wa wasemaji hawajapata kuiona. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na kuiyeyusha hutaka moto wa nyuzi 900 za sentigredi na zaidi. Fundi huitia chunguni juu ya makaa, huvuvia, hungoja, huimimina katika kalibu, kisha huikata, huifua, huipiga tupa na msasa, akaing'arisha mpaka uso wa mtu uonekane ndani yake. Mfupa nao huchemshwa mpaka mafuta yatoke, hukatwa, husuguliwa, hutiwa nakshi kwa nta na rangi: penye nta rangi haishiki. Baada ya hayo yote, kufuli liko wapi? Limekwenda zake. Kukiita kidani kwa jina la kufuli ni sawa na kuuita mkate kwa jina la samadi iliyootesha ngano.

Wako wasemao kuwa mapambo ya asili ni yale ya bibi zetu, ya fedha na shanga, na kwamba haya ya mjini ni ya kubahatisha tu. Hao hunichosha zaidi, kwa kuwa hawaijui hata hiyo asili waitetayo. Fedha nyingi ya masonara wa pwani yetu, na ya wenzao wa Oman, ilitoka katika reale za Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye mwaka 1780, iliyoendelea kupigwa kwa mwaka ule ule hali malkia mwenyewe yu kaburini. Sonara aliitia motoni ikatoka kikuku. Shanga za kioo walizojipambia Wamasai na Wasamburu zilitoka Venice na Bohemia, zikapandishwa bara na misafara ya biashara. Na huko Lamu masonara wamechukua vigae vya vyombo vya kale vya kaure, wakavizungushia fedha, wakafanya pete. Kigae ni nini kama si kitu kilichovunjika kikatupwa? Sijasikia mtalii wala profesa aiitaye pete ya Lamu pete ya taka.

Tofauti, basi, haimo katika kitu. Fundi wa Lamu tunamtaja kwa ufundi wake. Wa Kibera tunamtaja kwa ufukara wa mtaa wake. Na jina hilo lina bei. Mnunuzi aliyeambiwa kuwa ni taka huhesabu kuwa malighafi ilipatikana bure, akatoa sadaka badala ya thamani. Naye mtoa sadaka hanunui mara ya pili. Lakini shaba hiyo hununuliwa kwa kilo. Kenya imeitungia biashara hiyo sheria mwaka 2015, na mwenye kuifanya hutakiwa awe na leseni. Januari 2022 serikali iliipiga marufuku, ikaja kuifungulia Mei. Ni taka gani hii ihitajiyo leseni?

Nakiri kuwa kazi hii ina hatari zake. Bomba za zamani huweza kuwa na risasi ndani ya shaba yake, moshi wa zinki humtia fundi homa, na vumbi la mfupa hudhuru mapafu. Haya yastahili kuandikwa, na wenye kusifu taka hawayaandiki kamwe. Wamekwisha kupendezwa na hadithi ya kufuli, hawaulizi kama fundi alifunika pua.

Mimi hulikata jina hilo kwa wino mwekundu kila nilionapo katika insha za wanafunzi. Mmoja aliniuliza aandike nini badala yake. Nilimwambia aandike kidani cha shaba.