Nusu saa mbili za mama haziangushi kompani

Kila mara sisi wa sendika tunapoleta kwa wakubwa neno la wamama wanaotoka konje ya uzazi, jibu ni lile lile: iko bei. Basi tufanye hesabu, sababu hesabu njo luga wanayosikia.

Sheria ya kazi ya 2002 inamupa mama posho 14 za konje, 8 kati yazo kisha kuzaa, na theluthi mbili za mushahara. Akirudi, iko na haki ya kunyonyesha mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, na saa hiyo inalipwa.

Sasa angalia maisha ya Kolwezi. Bisi inapita mbele jua halijatoka, inarudisha watu giza ikiingia. Mutoto wa miezi 2 amebaki na nkambo yake kule Manika, mama iko anaendesha kamyo mu mugodi, masaa 12. Hiyo nusu saa atamunyonyesha nani? Waganga wanasema mutoto anyonye maziwa ya mama tupu mpaka miezi 6. Maziwa yanajaa, kifua kinauma, mama anaenda kukamua mu choo na kuyamwanga, huku shefu anaangalia saa. Kisha mutoto anagonjwa, mama anakosa siku, anaandikiwa barua. Wengi wanaacha wenyewe, na nyumbani mushahara mumoja unapotea.

Haya, hesabu. Saa moja kwa siku, tuchukue hata siku 26 kwa mwezi (ni nyingi kupita zamu zetu), kwa ile miezi 4 inayobaki mpaka mutoto afikishe 6. Inafanya masaa 104. Gawanya na 12: hazifiki siku 9 za kazi. Ongeza chumba kidogo chenye mulango wa kufunga, kiti, maji na frigo. Upande mwengine weka bei ya kumupoteza: kutafuta mutu mupya, kumupima kwa daktari, kumufundisha, kamyo inayosimama. Mwezi mumoja tu wa kufundisha unapita zile siku 9 karibu mara tatu. Na nani anafundishwa kamyo ya mugodi kwa mwezi mumoja?

Union Minière ilijua hesabu hiyo. Mu miaka ya 1920 iliona kama kuleta watu kila mara toka mbali ni bei kali, tena watu walikuwa wanakufa sana mu makambi. Ikaanza mikataba ya miaka 3, ikaruhusu bibi na watoto, ikajenga maternite, ikapima watoto, ikawapa chakula. (Mpaka leo tunaita juma «posho» juu ya chakula kile cha kila juma.) Haikukuwa mapendo. Walitaka mufanyakazi abakie, na mutoto wake awe mufanyakazi wa kesho. Hatulilie wakati wa wakoloni, tunasema tu kama hata bwana muchoyo aliona faida. Gécamines iliendelea na ospitali na masomo mpaka ilipoanguka. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka, na desturi ile ikatoka nao.

Wakati ule mwanamuke alikuwa bibi ya mufanyakazi. Leo mufanyakazi ni yeye.

Kule Kenya, sheria ya afya ya 2017 inaagiza mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea. Huku kwetu tunaomba chumba hicho, na zamu ya muchana pekee mpaka mutoto afikishe miezi 6. Tunaomba vile vile kwa wamama wa sutretansi, wale wanaopika na kusafisha biro, sababu mukataba wao unaisha pale tumbo linapoanza kuonekana, na hakuna anayeita jambo hilo kufukuza. Wamama wanaosafisha mawe na mutoto mu mugongo, hao hawana hata mukataba. Neno lao tutalirudilia siku ingine.

Wababa delege, mukienda kusaini konvasyo kolektive, mutafute kwanza ukurasa wa wamama. Kama haumo, murudishe kalamu.