Mti wa Kwale ulichangia safari ya dawa ya saratani. Wadigo waliambulia nini?

Miaka ya 1970, zaidi ya tani 10 za mti mmoja zilitolewa Kenya kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ni Maytenus buchananii, kutoka Milima ya Shimba, Kwale. Wadigo wa huko waliujua kama dawa toka zamani.

Kilichotafutwa ni maytansine, kemikali ambayo timu ya S. Morris Kupchan ilikuwa imeitangaza mwaka 1972, baada ya kuipata kwenye mti wa jamii hiyohiyo kutoka Ethiopia. Kilo nzima ya mti hutoa miligramu chache tu, ndiyo sababu ya tani zote hizo.

Maabara, kemikali hiyo ilikuwa moto wa kuotea mbali. Huvuruga nyuzi ndogo ambazo seli huzitegemea kugawanyika, saratani ikakwama. Shida ni kwamba haichagui. Wagonjwa waliojaribiwa walitapika, wakaharisha, wengine wakadhurika mishipa ya fahamu, na majaribio yakaachwa. (Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia mizizi ya mti huo eti inatibu saratani, kaa mbali naye. Ile ni sumu.)

Kemikali ikakaa kando miaka mingi. Baadaye wanakemia waliibadilisha kidogo, wakaipa kishikizo cha salfa, kisha wakaifunga kwenye trastuzumab, kingamwili inayosaka seli za saratani ya matiti zenye protini nyingi ya HER2. Sumu husafiri ikiwa imefungwa, na inafunguliwa ndani ya seli yenyewe. Marekani iliidhinisha dawa hiyo, Kadcyla, Februari 2013.

Kazi ya wanakemia hao si ndogo, bila wao hakuna dawa. Lakini mabadiliko hayohayo ndiyo yaliyomkata mwenye mti. Siku hizi malighafi yake hutokana na bakteria wanaokuzwa kiwandani, hakuna anayehitaji gunia kutoka Shimba. Na Mkataba wa Bioanuwai, unaotambua haki ya nchi juu ya mimea yake, ulikuja 1992, magunia yakiwa yameondoka kitambo. Watafiti wa haki za jamii wameandika kwamba Wadigo hawakuombwa hata ridhaa.

Leo Kenya ina kanuni za mwaka 2006 kuhusu kugawana faida, na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Vizuri, ila tazama mkataba unataja nini. Ukitaja majani na mizizi pekee, jamii itaambulia patupu siku kemikali itakapogeuzwa au kutengenezwa bila mti. Kila kitakachozaliwa na sampuli, pamoja na nakala zake za maabara, kiandikwe kabla gunia la kwanza halijapakiwa kwenye lori.