Feni ya kompyuta isiwatenganishe kitandani

Mwezi huu sizungumzii mawifi wala nyumba ndogo. Nazungumzia mwizi mwingine wa usingizi wa wanandoa: kompyuta ya mezani inayonguruma chumbani usiku wa manane.

Usicheke. Wapo wanandoa ninaowafahamu pale Katesh, wilayani Hanang. Baba ni mwalimu wa sekondari, anaamka saa kumi na moja alfajiri. Mama ana steshenari ndogo, na usiku anamalizia kazi za wateja nyumbani: barua, kadi za michango, bajeti za kamati za harusi. Nyumba yao ni chumba na sebule, na mashine inakaa chumbani kwa kuogopa wezi. Kila Mama akifungua programu, feni inapaa, vuuu! Inatulia, halafu inapaa tena. Mtoto anashtuka. Baba anageukia ukutani.

Siku moja Baba uzalendo ukamshinda. Akachukua blanketi, akalifunika lile boksi ambalo wengi wetu tunaliita sipiyu. Kelele zikapungua kidogo, kisha zikarudi kwa hasira, na mwisho mashine ikajizima yenyewe. Bajeti ya harusi ya mteja, ambayo ilikuwa haijasevu, ikapotea. Maneno yaliyofuata siwezi kuyaandika hapa. Itoshe kusema kwamba Baba alilala sebuleni wiki nzima.

Sasa basi, nani mkosaji? Wote wawili walikuwa wanagombana na feni, na feni haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inapiga kelele kwa sababu kuna kitu kinaungua.

Ndani ya boksi kuna prosesa, kipande kidogo kinachofanya kazi yote. Juu yake kuna bati nene lenye mapezi membamba, na juu ya bati kuna feni. Kati ya prosesa na bati hupakwa grisi maalumu ya kupitisha joto. Mashine ikipumzika, nyuzi joto 35 hadi 50 ni kawaida. Ikipewa kazi nzito ikafika 70 au 80, bado usiogope. Prosesa nyingi zikikaribia 95 au 100 hujipunguza kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine inajizima ili isiungue. Ndicho kilichotokea chini ya blanketi.

Na ile ya kupanda na kushuka ghafla? Ukifungua programu, prosesa inajiongezea nguvu kwa muda mfupi, na joto linaweza kuruka nyuzi 15 au 20 ndani ya sekunde chache. Mruko huo peke yake si ugonjwa. Tatizo ni feni iliyopangwa kukimbilia kila mruko. Sikio huzoea mvumo wa aina moja, lakini halizoei kelele inayokuja na kuondoka.

Wenzetu wa Mbulu mjini watasema, "Huku kwetu baridi, Julai tunalala na mablanketi mawili, kompyuta itachemkaje?" Ni kweli, baridi inasaidia sana. Lakini ukipanda hadi mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni inahangaika zaidi kubeba joto lile lile. Halafu kuna vumbi. Upepo wa kiangazi hauombi ruhusa kuingia ndani, na vumbi likijaa kwenye mapezi ya bati linafanya kazi ile ile ya blanketi la Baba.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na fanyeni pamoja. Kwanza, wekeni programu ya bure ya kupima joto, kama Core Temp au HWMonitor, mjue hali halisi kabla ya kulaumiana. Pili, zimeni mashine, chomoeni waya ukutani, mtoe boksi nje. Fungueni ubavu, mmoja ashike mapanga ya feni yasizunguke, mwingine apige brashi laini na kupuliza vumbi. Lile boksi dogo la umeme ndani yake msilifungue kabisa. Linahifadhi umeme hata likiwa limechomolewa.

Tatu, kama mlinunua mtumba na joto bado liko juu, huenda grisi imekauka. Mwiteni fundi aifute kwa spiriti na kuweka mpya, kiasi cha punje ya njegere tu. Nne, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusheni kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi hiyo inazima ile nguvu ya ziada, na kwa kazi ya kuchapa barua hamtaona tofauti. Pia fundi anaweza kuipanga feni isubiri sekunde kadhaa kabla ya kuongeza kasi.

Wale wenzetu wa Katesh walifanya hivyo Jumamosi moja. Mama alishika brashi, Baba akashika feni, na vumbi lililotoka ungedhani ni unga wa ulezi. Prosesa iliyokuwa ikigonga 90 sasa haivuki 65. Feni bado inasikika, sitakudanganya. Ndiyo maana walikubaliana pia kwamba saa nne usiku mashine inazimwa, kazi imalizike au isimalizike, na blanketi limerudi kitandani.

Mpenzi msomaji, mwenzako akianza kupandisha sauti, usikimbilie kumfunika. Fungua ubavu kwanza, uone kilichojaa ndani. Mara nyingi ni vumbi la siku nyingi tu ambalo hakuna aliyepata nafasi ya kulifuta.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane mwezi ujao, na usiku mwema.